Shajara ya mashua ya makadeti: kutoka kalafati hadi horini

Kikundi chetu cha kadeti wa bahari kina vijana 14 wa miaka 11 hadi 16, wakufunzi watatu wa kujitolea, na mashua moja ya makasia iliyolala kifudifudi kwa miaka mingi hata buibui wakaiona ni yao. Naandika kila hatua inapokwisha ili kikundi kingine kikipewa gofu la namna hii kijue pa kuanzia na pa kutoanzia. Gharama nimeziweka kwa saa, lita na mita. Bei hubadilika kutoka mahali hadi mahali, ila mbao huoza kwa namna moja kila pwani.

Januari 11: Ukaguzi

Urefu mita 4.6, upana mita 1.5. Mbao zimepangwa ubavu kwa ubavu, hazikupandana, kwa hiyo kila mshono unategemea kalafati, yaani pamba inayogongwa ndani ya mshono kuzuia maji. Tuliizunguka na bisbisi tukidunga kila kipande. Bisbisi ikigoma, ubao ni mzima. Ikizama kama kwenye mkate, pigwa alama ya chaki. Mataruma (mbavu za mashua) mawili yamevunjika, na ubao wa pili kutoka mkukuni (uti wa chini wa mashua) umeoza sentimita 40 upande wa tezi, yaani nyuma. Mkuku wenyewe mzima. Ungekuwa umeoza, shajara ingeishia hapa, na wala nisingeona haya kuiishia hapa.

Rangi ya zamani ilitupa kazi ambayo hatukuipangia. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto zaidi. Tukakataza msasa mkavu kabisa. Wakufunzi watatu tuliparua kwa msasa wa maji, barakoa usoni, turubai chini, makombo yote kwenye mfuko. Vijana wakapelekwa kwenye mafundo ya kamba, wakanuna. Gharama: Jumamosi mbili na migongo mitatu.

Kwenye mafundo, mmoja aliyejiunga wiki hiyo akauliza: "Mwalimu, bunduki tunaanza lini?" Swali hili huja kila mwaka. Nikamweleza kwamba vikundi vya kadeti wa bahari huvaa sare na kupiga gwaride, na vingi vina uhusiano na jeshi la wanamaji la nchi yao, lakini si jeshi na hakuna anayeandikishwa vitani. Vya Uingereza vina mizizi katika mji wa bandari wa Whitstable, miaka ya 1850, enzi za Vita vya Crimea. Marekani wakaanzisha chao mwaka 1958. Akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza kama tunaruhusiwa kuweka mzinga mdogo omoni, mbele ya mashua.

Februari 1: Mataruma

Taruma hupindwa kwa mvuke. Tulitengeneza sanduku refu la mbao, birika kubwa upande mmoja, tambara upande wa pili kuzuia mvuke usikimbie. Kipimo cha mafundi ni saa moja ya mvuke kwa kila sentimita 2.5 za unene. Fito zetu zina sentimita 2, tukazipa dakika 50.

Katika fito tano, tatu zilikatika mikononi. Tulidhani muda ni mfupi, tukaongeza, zikakatika vilevile. Kosa lilikuwa dukani: tulinunua mbao zilizokaushwa kwa tanuri kwa sababu zilikuwa zimenyooka na kupendeza. Mbao za tanuri hazikubali kupindwa. Zinazofaa ni zile ambazo bado zina unyevu wa mti. Tulitafuta nyingine mbichi, tukapasua kila fito mara mbili kwa unene, tukapinda moja juu ya nyingine. Hakuna iliyokatika. Ukitoa fito kwenye sanduku una nusu dakika tu kabla haijakaza, kwa hiyo kila mtu awe na kishikizo chake mkononi na ajue pa kusimama. Tulifanya mazoezi mara nne kwa fito baridi. Nilitaka tufanye mara mbili. Serahangi wetu (kiongozi wa mabaharia), kadeti wa kike wa miaka 16, akasema mara nne, na alikuwa sahihi.

Kosa dogo lililokaribia kuwa kubwa: nilileta skrubu za chuma zilizopakwa zinki. Misumari ya asili ya mashua ni ya shaba. Chuma na shaba vikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi, chuma huliwa upesi. Tulikuwa tumefunga skrubu 12 nilipokumbuka. Zote zikang'olewa, zikaingia za bronzi. Ubao uliooza ulikatwa, kikawekwa kipande kipya. Hilo lilikwenda bila kisa.

Februari 22: Kalafati, mara ya kwanza

Mishono yote ni kama mita 70. Mbao zilikuwa zimekauka na kunywea kiasi kwamba mwanga ulipita baina yao, na kwenye baadhi ya mishono ncha ya kidole kidogo iliingia. Tulisokota pamba, tukaigonga kwa patasi butu na nyundo, safu juu ya safu, mpaka kila mshono ukajaa na kuwa mgumu kama ubao wenyewe. Juu yake puti, juu ya puti rangi lita 4. Vijana waligonga kwa zamu kwa Jumamosi mbili, jumla saa 40 za watu. Mashua ikang'aa. Tukapiga picha nyingi sana, na sasa naziona aibu.

Machi 8: Mashua inalia

Tuliishusha, tukaifunga gatini. Saa mbili za kwanza haikuvuja hata tone, tukapeana mikono.

Kesho yake asubuhi serahangi alipanda kuikagua, akaniita: "Mwalimu, njoo usikie, inalia." Kweli ilikuwa inalia, kama mlango wenye bawaba kavu. Taruma moja jipya lilikuwa limechanika kwa urefu, skrubu nne zimevutwa nje ya mbao, na puti imesukumwa nje ya mishono kama dawa ya meno.

Sababu nilipaswa kuijua. Ubao mkavu ukikaa majini hunywa na kuvimba kwa upana, na huo uvimbe ndio unaoziba chombo. Pamba ni msaidizi tu. Sisi tulijaza nafasi yote wakati mbao zimenywea, kwa hiyo zilipovimba hazikuwa na pa kwenda. Nguvu hiyo hutafuta kilicho dhaifu, na kilichokuwa dhaifu ni taruma letu na skrubu zetu.

Marekebisho, kwa mpangilio ambao ungekuwa wa kwanza tangu mwanzo: tuliipandisha, tukatoa pamba yote (saa 11, kazi ya kuchukiza). Tukatandaza magunia yaliyoloweshwa ndani yake kwa siku nne, tukiyarudishia maji asubuhi na jioni. Maji ya bahari, si ya bomba, maana maji baridi, yasiyo na chumvi, yakituama ndani ya mbao hukaribisha uozo. Mianya ilipojifunga kiasi, tukatia uzi mmoja tu wa pamba kila mshono, ukigongwa kwa upole mpaka uzame kidogo, na juu yake puti laini inayokubali kukamuliwa. Taruma lililochanika likabadilishwa.

Safari hii ilivuja tangu dakika ya kwanza, na hicho ndicho tulichokitaka. Usiku wa kwanza tulifua (tulichota na kumwaga nje) ndoo 22 za lita 10, wa pili ndoo 9, wa nne ndoo 2. Kufua maji ya ngama (yanayokusanyika chini ndani ya chombo) kwa zamu usiku kuliwafundisha vijana nidhamu ya zamu kuliko gwaride lolote. Ila mashua iwe imefungwa gatini penye kina kifupi, na mtu mzima awe macho.

Machi 22: Kuizamisha kwa makusudi

Chombo cha vijana lazima kielee hata kikijaa maji. Tulichukua madumu manane ya lita 20, matupu, vifuniko vimekazwa. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi, kwa hiyo madumu hayo yanabeba karibu kilo 164. Mbao zenyewe huelea. Mzigo ni watu, misumari na nanga.

Tuliyafunga chini kabisa, kando ya mkuku, yasizuie miguu. Tukaijaza mashua maji penye kina cha kifuani, kadeti wawili wakapanda, nayo ikajigeuza kifudifudi taratibu kama mtu anayegeuka usingizini. Wakacheka, wakapanda tena, ikageuka tena. Mara ya tatu hakuna aliyecheka.

Hewa iliyo chini hutaka kupanda juu, na njia rahisi ya kupanda ni kukipindua chombo. Tukayahamisha madumu juu, chini ya viti, yamebanwa ubavuni kulia na kushoto karibu na ukingo. Mara hii mashua iliyojaa maji ilikaa sawa na kadeti wanne ndani, maji yakiwafika kiunoni wakiwa wameketi, na ikawezekana kufua maji hadi ikarudi kuelea. Ndoo mbili, watu wanne, dakika 17. Dumu moja lilichomoka kwa fundo baya na kwenda zake. Tulilifukuza kwa kuogelea, na tangu hapo madumu hufungwa kwa mikanda.

Siku hiyo hiyo jaketi okozi nazo zilitufedhehesha. Tulikuwa tumezigawa kwa umri. Mdogo wa kundi aliruka majini, jaketi likabaki juu naye akashuka ndani yake mpaka masikioni. Jaketi huchaguliwa kwa uzito wa mwili, na kwa wadogo lazima kuwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Saba kati ya 14 hazikuwa na mkanda huo. Tulishona mikanda, kisha kila mmoja akaruka tena mbele ya macho yangu.

Aprili 5: Makasia

Kwa kifupi. Makasia ya msaada yalikuwa na mita 3.2, ya kupigania. Hesabu tuliyoifuata: pima kutoka kishwara (kitanzi cha kushikilia kasia) cha kulia hadi cha kushoto (kwetu sentimita 140), chukua nusu, ongeza 5, gawanya kwa 7, zidisha kwa 25. Inatoka sentimita 268. Tukakata na kuchonga upya. Kadeti aliyekuwa akilalamika mabega akanyamaza, ingawa yeye angeweza kunyamaza kwa sababu nyingine.

Aprili 12: Tumepwelewa

Safari ya kwanza. Mpango ulikuwa kuingia horini, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, kwa maji yanayojaa, kilomita 5, tule kwenye mwisho wa hori maji yakiwa yamejaa, turudi yakitoka. Mkondo utusaidie kwenda na kurudi. Kadeti sita kwenye mashua pamoja nami, wakufunzi wawili nyuma na boti ya injini ya usalama.

Kadeti mmoja alipewa jedwali la maji aandike ubaoni. Jedwali lilisema maji kujaa 10:40. Akaandika kwa uaminifu: "Maji kujaa saa 10:40." Mimi nikasoma ubao, nikaona saa kumi na dakika arobaini alasiri, nikapanga tuondoke saa sita mchana.

Jedwali linatumia saa ya kizungu. 10:40 ni saa nne na dakika arobaini asubuhi. Tulipong'oa nanga, ilikuwa imepita saa moja na dakika 20 tangu maji yaanze kutoka.

Dalili zilikuwepo. Maji yalikuwa juu gatini wakati kwa mpango wangu yalipaswa kuwa chini. Mtoto mmoja alisema, nikamjibu ni bamvua, mwezi mpevu, maji yanakuwa makubwa. Jibu la kitaalamu kwa swali ambalo sikulisikiliza: hata bamvua lina kupwa kwake (maji kushuka), tena kupwa kukubwa zaidi.

Kuna kanuni ya sehemu 12: katika saa sita za kutoka, maji hushuka sehemu 1, 2, 3, 3, 2, 1. Yaani saa ya tatu na ya nne huondoka nusu nzima, na ndipo tulipokuwa tukivuta makasia dhidi yake. Saa nane na nusu, kama kilomita 2 ndani, mkuku uligusa. Tulijisukuma kwa makasia, tukapata urefu wa mashua moja, ukagusa tena. Robo saa baadaye tulikuwa tumekaa juu ya tope, maji yako mita 60 kutoka kwetu, na boti ya usalama mfereji wa katikati ikitutazama.

Kosa la pili lingeweza kuwa kushuka. Kadeti wawili walikwishavua viatu. Niliwakataza kwa sauti ambayo sikuizoea mimi mwenyewe. Tope la hori humeza mguu hadi paja, na ukihangaika huzidi kushika; maji yanaporudi hayasubiri. Mashua isiyovuja ndiyo mahali salama pekee. Tukatupa nanga topeni ili maji yakirudi yasitubebe kabla hatujawa tayari, tukatandika turubai kwa kivuli, tukagawana maji ya kunywa kwa kipimo.

Redio ilikuwepo, idhaa ya 16, ile ya wito na ya hatari baharini. Hatukutoa wito wa hatari kwa sababu hatari haikuwepo. Tuliwaarifu walinzi wa pwani tupo wapi, wangapi, na tunategemea kuelea saa ngapi, wasije wakaanza kututafuta kwa simu ya mzazi. Wazazi nao wakapelekewa ujumbe. Mama wa mmoja wao akajibu papo hapo: "Mwalimu, hiyo saa kumi mliyoandika ni ya kwetu au ya kizungu?" Ndivyo nilivyogundua. Nilikaa na simu mkononi kwa muda.

Maji yalifika chini kabisa kabla ya saa kumi na moja jioni. Tuliyaona yakirudi kama mstari wa povu kwenye mfereji, kisha kama kioo kinachotambaa. Tulielea saa moja na robo usiku. Na sasa yakawa yanaingia, wakati sisi tunatoka. Yaani mkondo ulitupinga kwenda, ukatupinga kurudi. Vijana walitaka kuvuta wenyewe. Waliruhusiwa nusu saa, kisha kamba ikafungwa kwenye boti ya injini. Kanuni ya 25 ya kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini (1972) inaruhusu chombo cha makasia kuwa na tochi ya mwanga mweupe tu, iwe tayari kuonyeshwa mapema. Tulikuwa na tochi mbili. Moja betri zilikuwa zimekufa.

Aprili 19: Saa sita

Jumamosi nzima darasani. Nilianza kwa kuwaambia kosa ni langu: aliyenakili alinakili sawasawa, mpanga safari alitakiwa kusoma jedwali lenyewe.

Kisha tukachora. Kati ya saa ya Kiswahili na saa ya jedwali kuna tofauti ya saa sita. Kati ya maji kujaa na maji kupwa kuna kama saa sita na dakika 12. Kwa hiyo anayechanganya saa hizi mbili hakosei kidogo, hupata kinyume chake kamili: anaposubiri maji kujaa atakuta kupwa. Hakuna lugha nyingine ninayoijua inayoweza kumpwelesha mtu kwa usahihi huu. Darasa lilicheka kuliko nilivyopenda.

Marekebisho: ubaoni na kwenye daftari la safari saa huandikwa kwa tarakimu nne bila nukta, 1040, na husomwa tarakimu moja moja: "moja, sifuri, nne, sifuri." Neno "saa" haliandikwi kando yake kamwe. Tukizungumza, tunazungumza Kiswahili chetu kama kawaida. Kabla ya kuondoka, mtu mmoja hushuka gatini kutazama maji kwa macho na kusema kama yanapanda au yanashuka. Asipokubaliana na ubao, hakuna safari. Betri za tochi hubadilishwa kila mwezi, zikifa au zisipokufa.

Aprili 26: Horini

Maji kujaa 0952. Aliyeshuka gatini kutazama ni yule wa bunduki, akapanda na kutangaza kwamba maji yanapanda "kwa mujibu wa mguu wangu", akauonyesha ukiwa umelowa. Tukaondoka 0730, tukafika mwisho wa hori 0910 karibu bila kutoa jasho. Tulipopita pale pa tope kulikuwa na maji ya mita mbili juu yake, na hakuna aliyesema kitu. Tukageuka 1015, tukawa gatini 1150. Ngama: ndoo moja na nusu.

Hadi leo mradi umekula saa za watu karibu 310, rangi lita 7 (4 kati ya hizo zilipotea kwenye kalafati ya kwanza), pamba mara mbili ya iliyohitajika, fito 14 kwa ajili ya mataruma mawili, na skrubu 12 za zinki ambazo sasa zinashikilia rafu ya jaketi okozi, nchi kavu. Mlingoti tunao, tanga na henza (kamba ya kupandishia tanga) bado. Kishwara cha nyuma kulia kimeanza kulegea, nitakiandika kikikamilika.